Udaktari wa ughaibuni: kabla ng'ombe hawajatoka zizini



Mwezi uliopita tulialikwa Lingeka, huko Bariadi katika mkoa wa Simiyu, kuhudhuria hitima ya mzee tuliyemfahamu kwa miaka mingi. Dua ilipokwisha, watu wakala na kuanza kutawanyika, mwenyeji mmoja, mkulima wa pamba na mfugaji, alituvuta kando akatoa bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na karatasi tatu zilizogongwa mihuri. Binti yake, aliyemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa Fizikia, Kemia na Biolojia, amekubaliwa kusomea udaktari katika chuo kimoja cha ng'ambo. Karatasi zililetwa na wakala. Ada ya mwaka wa kwanza, pamoja na ujira wa wakala huyo, ilitakiwa ilipwe kabla ya mwezi kumalizika.

"Sheikh wangu," akasema mzee yule, "mnunuzi wa ng'ombe nimekwisha kumpata. Ni ng'ombe kumi na wanane. Nimetaka nisikie neno lako kabla hawajatoka zizini."

"Tupe wiki mbili, mzee wangu," ndilo jibu tulilompa, kwani hatukuwa na jibu jingine. Sisi si tabibu. Tulirudi tukawauliza madaktari tunaowaamini, tukawauliza na vijana waliosoma nje wakarejea, na wengine waliosoma nje wakarejea kabla ya kumaliza. Kwa kuwa tunajua kuwa bahasha za namna ile zimeingia katika nyumba nyingi za Waislamu, tumeona tuyaandike hapa yale tuliyomwambia baadaye.

Tatizo la kwanza ni la jina. Maneno "nafasi ya kusoma nje" hubeba mambo yasiyofanana hata kidogo, na mzazi asipoyatenganisha hununua moja akidhani amepata jingine.

Ipo safari ya kubadilishana wanafunzi. Shirikisho la kimataifa la vyama vya wanafunzi wa udaktari, IFMSA, liliasisiwa Copenhagen, Denmark, mwaka 1951, wakati majeraha ya Vita Kuu ya Pili yalikuwa bado mabichi katika Ulaya. Hapa kwetu mwanachama wake ni chama cha wanafunzi wa udaktari Tanzania, TAMSA. Utaratibu wake ni wa nipe nikupe: chama cha nchi hii hupokea mwanafunzi, na chama cha nchi ile humpokea wa kwetu. Mwenyeji humpa mgeni malazi na angalau mlo mmoja kwa siku, hospitali humpangia daktari wa kumsimamia, naye hukaa kwa muda wa wiki nne. Nauli, viza na bima ni juu ya msafiri mwenyewe. Hakuna shahada inayotolewa mwishoni, na wala haikukusudiwa iwepo, kwa sababu msafiri huyu tayari ana chuo chake nyumbani na atarudi darasani kwake.

Ipo pia safari inayotokana na mapatano ya chuo na chuo, na hii kwa watu wa Bariadi si habari ya mbali. Wagonjwa wao walioshindikana wilayani na mkoani hupelekwa Bugando, Mwanza, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa iliyofunguliwa mwaka 1971. Chuo cha udaktari cha hapo kilianza mwaka 2003. Mji wa Mwanza na mji wa Würzburg wa Ujerumani ni miji ndugu tangu mwaka 1966, na undugu huo umeingia hadi hospitalini, madaktari na wanafunzi wakitembeleana. Chuo cha tiba cha Weill Cornell cha New York nacho kimekuwa na uhusiano na Bugando tangu miaka ya 2000. Kule Moshi, hospitali ya KCMC imeshirikiana na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani tangu miaka ya 1990. Kwa jirani zetu wa Kenya, Chuo Kikuu cha Moi cha Eldoret na Chuo Kikuu cha Indiana wamekuwa wakipelekeana wanafunzi wa udaktari kwa zaidi ya miaka 30. Bugando, kama wengi wajuavyo, ni taasisi ya Kanisa Katoliki. Hatuoni haya kuitaja katika ukurasa huu. Mama wa Kiislamu akiletwa pale usiku na uchungu wa uzazi haulizwi dini yake, na vijana wetu wanasoma pale.

Kisha upo ufadhili kamili, ambao mwanafunzi huchukuliwa na serikali ya nchi nyingine akasoma huko miaka yote. China, Urusi, Cuba, Misri, Uturuki, Algeria na India zimesomesha madaktari wengi wa Kiafrika kwa njia hii. Rais wa Zanzibar, Dk. Hussein Mwinyi, alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Marmara, Istanbul. Mtangulizi wake, Dk. Ali Mohamed Shein, alisoma Muungano wa Sovieti na baadaye akapata shahada ya uzamivu Newcastle, Uingereza. Asidhani mtu basi kwamba tunaandika haya kwa kuichukia safari. Ibn Sina mwenyewe, mzaliwa wa jirani na Bukhara, alifia Hamadan mwaka 1037 baada ya maisha ya kuhama mji hadi mji, na kitabu chake cha tiba kilisomeshwa katika vyuo vya Ulaya kwa karne kadhaa baada yake.

Na mwisho ipo nafasi ya kununua. Hii ndiyo iliyokuwa katika ile bahasha. Chuo kinahitaji wanafunzi wa kulipa, wakala anahitaji ujira kwa kila kichwa, na mzazi anahitaji matumaini. Si lazima iwe ulaghai. Wapo waliopitia njia hii wakawa madaktari wazuri, nasi tunawajua. Lakini katika njia hii hakuna aliyemchagua binti yule kwa kumpima na wenzake, hakuna chuo cha nyumbani kinachomngojea, na mambo yakiharibika hakuna anayewajibika ila baba yake.

Mambo huharibika. Februari 2022 vita vilipoanza Ukraine, maelfu ya wanafunzi wa Kiafrika, wengi wao wa udaktari, walikimbilia mipaka ya Poland, Hungary na Romania wakiwa na begi moja, na Watanzania walikuwemo. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Khartoum. Huo ni msiba ulioingia moja kwa moja katika nyumba zetu, kwa sababu Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika kilichopo Khartoum kimekuwa kwa miaka mingi ndoto ya vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki, wa fani za dini na wa fani za tiba. Mapigano yalizuka tarehe 15 Aprili 2023, katika siku za mwisho za Ramadhani. Kabla ya Aprili kwisha Serikali yetu ilikuwa imewarejesha nyumbani Watanzania wapatao 200 kupitia Ethiopia, wengi wao wanafunzi. Roho zilisalimika, alhamdulillahi. Lakini tulizungumza na kijana mmoja aliyekuwa amefika mwaka wa nne. Alisema kilichomuumiza si begi aliloliacha. Alirudi bila karatasi inayoonyesha masomo aliyofaulu, na ofisi ya kuitoa karatasi hiyo ilikuwa katika mji ambao vyuo vyake vingi viliporwa na kuharibiwa. Miaka minne ya mtu ikawa neno lake tu.

Jambo la kutafakari ni lililotokea upande wa pili. Mwaka ule ule wa 2023, Hospitali ya Taifa Muhimbili iliwapokea wanafunzi wa chuo cha sayansi za tiba na teknolojia cha Khartoum, UMST, ili waendelee na mafunzo yao ya wodini hapa Dar es Salaam. Wasudani ambao wazazi wetu waliwatazama kama walimu walikuja kwetu kama wanafunzi. Wengi wetu hatukuliona hilo, kwa kuwa tumezoea kudhani elimu ya tiba ni kitu kilichopo ng'ambo tu na sisi kazi yetu ni kuifuata.

Hebu tulitazame vizuri zaidi jambo hili. Kwa nini kijana wa Würzburg au wa New York, mwenye vifaa vyote, aje Mwanza? Anakuja kwa sababu kule kwao anaweza kumaliza masomo yote bila ya kumwona mtoto mwenye malaria kali, au mvuvi mwenye kichocho cha miaka mingi, au mtoto wa selimundu aliyeletwa akiwa na maumivu yasiyoelezeka. Haya ni maradhi ya watu wa Ziwa. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na selimundu. Ujuzi wa kuyatambua maradhi hayo kwa jicho na kwa mkono, kabla ya mashine, upo Bugando na upo Muhimbili, na daktari anayezunguka nao wodini asubuhi ni mwalimu wao.

Profesa Julie Makani alipata shahada yake ya udaktari Muhimbili mwaka 1994. Baadaye alikwenda Uingereza, Hammersmith na kisha Oxford. Alirudi na kujenga pale pale Muhimbili, tangu mwaka 2004, mpango wa utafiti na matibabu ya selimundu ambao leo wageni huja kujifunza kwake. Ughaibuni haukumpa ugonjwa wa kuushughulikia. Aliondoka nao nyumbani kama swali, akaenda kutafuta nyenzo za kulijibu. Huo ndio mpangilio tunaoutamani: kwanza wodi ya nyumbani, kisha safari, kisha wodi ile ile.

Zanzibar nao walichagua njia ambayo haitajwi inavyostahili. Mwaka 2007 walianza kuwasomesha vijana wao udaktari kwa ushirikiano na chuo cha tiba cha Matanzas, Cuba. Walimu ndio waliosafiri; wanafunzi walibaki Unguja, wakijifunzia kwa wagonjwa wao wenyewe. Kundi la kwanza lilihitimu mwaka 2013. Mzazi wa Pemba hakuuza mkarafuu ili mwanawe apande ndege.

Pamoja na hayo, tusijidanganye kuwa kubadilishana huku kuna usawa. Wanaokuja ni wengi kuliko wanaokwenda. Mwanafunzi wa Ulaya hupata viza ya kuja kwetu bila ya taabu kubwa. Wa kwetu hupanga foleni ubalozini na taarifa za benki za baba ambaye akiba yake ina pembe na mkia. Na akifika katika hospitali nyingi za Marekani haruhusiwi kumgusa mgonjwa, husimama nyuma ya wenyeji akatazama. Hilo hatulilaumu, ni ulinzi wa mgonjwa. Tunalolilaumu ni pale ambapo kijana wa mwaka wa pili kutoka nje anafika katika hospitali ya wilaya huku kwetu na kupewa sindano au mkasi ambao kwao asingepewa kabla ya miaka mitatu zaidi. Mgonjwa wa kijijini naye ni amana. Waganga wakuu wa hospitali zetu walisimamie hili hata kama mgeni amekuja na boksi la glavu za msaada.

Turudi kwenye bahasha. Tuliyoyauliza juu yake ni machache, na mzazi yeyote anaweza kuyauliza kwa gharama ya nauli tu. Je, chuo hicho kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, na wakala huyo anajulikana kwao? Je, ufaulu wa binti unatosha kwa kiwango kinachotakiwa hapa nchini? Swali hili la pili wengi hulikwepa, wakidhani kuwa kusoma nje ni njia ya kuruka ukuta wa ndani. Ukuta huo haurukiki, maana unamngojea mlangoni siku ya kurudi. Mhitimu wa nje huhitaji shahada yake itambuliwe na TCU, kisha awe chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo lina mitihani yake, kisha afanye mwaka mmoja wa utarajali, yaani kazi ya hospitalini chini ya usimamizi, ndipo asajiliwe. Tumekutana na wahitimu wenye joho na picha ya mahafali ukutani ambao wamekwama katika ngazi mojawapo ya hizi, na wazazi wao hawana tena ng'ombe.

Lipo na suala la lugha, ambalo wakala hulipitia haraka. Chuo kitasema kuwa masomo ni kwa Kiingereza. Darasani, naam. Lakini mgonjwa wa China huumwa kwa Kichina, na bibi wa Urusi hueleza kifua chake kwa Kirusi. Miaka ya wodini ikifika, asiyeielewa lugha ya kitandani hujifunza kwa kutazama midomo. Uturuki huwataka wengi wa wafadhiliwa wake kutumia mwaka mzima kujifunza lugha kabla ya kuanza. Huo tunauhesabu kuwa uaminifu. Masomo yenyewe katika nyingi ya nchi hizo ni miaka 6, ilhali kwetu ni miaka 5 kabla ya utarajali. Na ada iliyoandikwa katika karatasi zile tatu ilikuwa ya mwaka mmoja.

Baadhi ya wazee pale Lingeka waliingiza suala la binti kusafiri peke yake. Ni suala la kifikihi lenye kauli zaidi ya moja: wapo wanazuoni walioshurutisha mahram katika kila safari, na wapo waliotazama amani ya njia na uaminifu wa wanaofuatana naye. Hatulidharau. Ila tunakiri kuwa hatukupendezwa na namna lilivyoletwa, kwa sababu angekuwa kijana wa kiume mwenye karatasi zile zile, hakuna ambaye angeuliza neno, hata lile la kama chuo kinatambuliwa. Na ni sisi sisi tunaosimama kwenye mlango wa wodi ya wazazi tukitaka wake zetu watazamwe na daktari mwanamke. Daktari huyo atatoka nyumba ya nani?

Kuhusu fedha tuna jambo moja la kuikumbusha jamii yetu. Mwaka 1983 Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, yenye makao yake Jeddah, ilianzisha mpango wa kuwafadhili vijana wa jamii za Waislamu katika nchi zisizo wanachama wa benki hiyo, na Tanzania ni mojawapo ya nchi hizo. Udaktari ulikuwa miongoni mwa fani zilizotangulizwa. Uzuri wa mpango ule haukuwa katika ukubwa wa fedha. Ulikuwa katika sharti lake: fedha zile zilihesabiwa kuwa mkopo usio na riba, karadha njema, ambao mhitimu akishapata kazi huurejesha katika mfuko wa jamii yake mwenyewe ili mwingine asomeshwe. Ni mifuko mingapi ya namna hiyo tumeianzisha sisi wenyewe, wilaya kwa wilaya? Tunajenga minara, nasi tunaipenda minara, lakini nauli ya mwanafunzi mmoja wa mwaka wa nne wa Bugando aliyechaguliwa kwenda nje kwa wiki nne haijawahi kuchangishwa baada ya swala ya Ijumaa katika msikiti wowote tuliowahi kuswali. Nafasi yake humwendea mwenzake mwenye mjomba mjini.

Tulirudi Lingeka wiki mbili zilipotimia, kama tulivyoahidi. Tulimweleza mzee kuwa hatukupata uthibitisho wa chuo kile wala wa wakala wake, na kwamba kwa rai yetu ng'ombe wasitoke. Tulimshauri binti aombe udaktari hapa nchini, Mwanza ikiwa miongoni mwa machaguo yake, aombe na mkopo wa Bodi ya Mikopo, kwani masomo ya afya ni miongoni mwa yanayopewa kipaumbele. Akishaingia, tukasema, ndipo safari za kubadilishana zitamtafuta yeye badala ya yeye kuzitafuta. Asipopata nafasi mwaka huu, yapo masomo mengine ya afya ambayo nayo ni ya heshima. Mzee alinyamaza kwa muda mrefu. Halafu akasema kuwa wakala amempigia simu mara nne kwa siku mbili, akimwambia nafasi zinakwisha.

Binti alikuwa amekaa mlangoni akisikiliza. Hatukujua kama amefurahi au amekasirika. Umri ule hauonyeshi. Akauliza swali moja tu.

"Sheikh, shikamoo. Hao Wajerumani wanaokuja Bugando, wakimkuta bibi wa huku kwetu asiyejua hata Kiswahili, wanaongea naye kwa lugha gani?"

"Marahaba, mwanangu. Huomba msaada," tukamjibu. "Mara nyingi wa mwanafunzi mwenzao wa hapo hapo."

"Kisukuma ninacho," akasema, akaingia ndani kumsaidia mama yake.

Hadi tunaandika haya, mnunuzi wa ng'ombe hajaambiwa lolote, na ile bahasha iko kwetu. Tumemwomba mzee aiache mikononi mwetu hadi matokeo ya maombi ya vyuo yatakapotangazwa.